Jezi za Ligi Kuu England 2025/26: toleo la mashabiki linatosha

Jezi mpya ya klabu kubwa ya Ligi Kuu England huuzwa kwa matoleo mawili: la mashabiki, karibu £85, na la wachezaji, karibu £120. Kwa mtu atakayeivaa mara kwa mara na kuifua kila wiki, la mashabiki ndilo la kununua, na ile £35 ibaki mfukoni.

Toleo la wachezaji lina kitambaa chepesi chenye vitundu vya kupitisha hewa, na limekatwa libane mwili. Nembo ya klabu imebandikwa kwa joto ili isimkwaruze mchezaji wala kuongeza uzito. Ikibanduka, mchezaji anapewa jezi nyingine; mnunuzi hapewi. Kwenye toleo la mashabiki nembo kwa kawaida imedariziwa au kushonwa, na hiyo haisumbui.

Panapoharibika kwanza, kwenye matoleo yote mawili, ni jina la mdhamini kifuani. Mara nyingi ni utando mwembamba uliobandikwa kwa joto juu ya poliesta. Poliesta huvutika kuliko utando, kwa hiyo jezi inayobana hupasua herufi mapema, hasa zile za katikati. Joto la mashine ya kukaushia hulegeza gundi, kingo zikaanza kuinuka. Igeuze ndani nje, ifue kwa maji ya nyuzi 30 bila dawa ya kulainisha nguo, ianike kivulini, na pasi isiguse maandishi kabisa. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Wengi hununua jezi wakiamini wanaichangia klabu. Kidogo, ndiyo, lakini tuangalie hesabu. Katika £85, kodi ya VAT ya asilimia 20 inabeba £14.17. Kinachobaki kinagawanywa kati ya duka, mtengenezaji na klabu, na fedha kubwa ambayo klabu inapata kwa mtengenezaji ni ada ya mkataba, si fungu la kila jezi. Anayebadilisha hali ya fedha ya klabu ni mdhamini, yule mwenye jina kifuani.

Everton inaonyesha uzito wa mdhamini. Kanuni za ligi ziliruhusu hasara ya £105m kwa miaka mitatu. Wao walizidisha £19.5m. Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa Februari 2024. Ni katika kipindi hichohicho, Machi 2022, klabu ilisimamisha udhamini wa kampuni zinazohusishwa na bilionea wa Urusi Alisher Usmanov baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Mapato ya udhamini yakikatika ghafla, mishahara haipungui: mikataba ya wachezaji imeshasainiwa.

Kuanzia 2026/27, chini ya kanuni mpya ya ligi, uhusiano kati ya udhamini na gharama za kikosi unakuwa wa moja kwa moja. Gharama za kikosi, yaani mishahara, ada za usajili zinazogawanywa kwa miaka ya mkataba na malipo ya mawakala, hazitakiwi kuvuka asilimia 85 ya mapato ya soka pamoja na faida ya kuuza wachezaji. Mdhamini akileta £10m kwa mwaka, amefungua nafasi ya £8.5m ya kikosi. Ndiyo maana ukaguzi wa mikataba na kampuni zinazohusiana na mmiliki ni muhimu kuliko kipengele kingine chochote. Newcastle inamilikiwa kwa sehemu kubwa na PIF, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, na kampuni ya Sela iliyo kifuani mwake ni mali ya mfuko huohuo. Mkataba wa namna hiyo hupimwa kwa bei ya haki ya soko, yaani ile ambayo kampuni isiyohusiana na mmiliki ingelipa. Ukaguzi ukilegea, asilimia 85 haina maana, kwa sababu mmiliki tajiri atapandisha mapato kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa jezi zenye kampuni za kamari. Msimu wa 2025/26 ni klabu 11: Aston Villa, Bournemouth, Brentford, Burnley, Crystal Palace, Everton, Fulham, Nottingham Forest, Sunderland, West Ham na Wolves. Ni zaidi ya nusu ya ligi. Saizi za watoto haziruhusiwi kubeba matangazo hayo, na huo ni ushahidi tosha kwamba jezi inapendeza bila jina la kamari. Mtu mzima mwembamba ajaribu saizi kubwa kabisa ya watoto. Bei yake pia huwa chini. Wengine wasilipe bei kamili, wasubiri punguzo la mwisho wa msimu.

Makubaliano ya klabu za ligi ya Aprili 2023 yanaondoa kamari mbele ya jezi za mechi baada ya msimu wa 2025/26, lakini hayagusi mkono wa jezi, ambapo tangazo limeruhusiwa tangu 2017/18. Kwa hiyo jezi ya 2026/27 ikaguliwe pande zote. Tena usiharakishe siku ya kwanza: Chelsea walianza 2023/24 kifua kikiwa kitupu, mdhamini wao Infinite Athlete akaja ligi ikiwa imeshaanza. Na usibandike jina na namba nyuma kabla ya mdhamini kutangazwa, maana jezi iliyoandikwa jina kwa kawaida hairudishwi dukani.