Sanduku la kurudishia dawa, Kent: huduma ninayowasihi mtumie

Sanduku hizi za kutilia dawa zilizobaki nyumbani zipo kwenye maduka ya dawa na baadhi ya vituo vya polisi Kaunti ya King, jimbo la Washington. Waswahili wa Kent, Tukwila na SeaTac tunazipita kila tukienda kuchukua dawa. Mimi nililitumia moja baada ya baba mkwe kufariki. Tulimuuguzia nyumbani kwetu, na alipoondoka ilibaki droo nzima: vidonge vya presha, metformini ya kisukari, dawa za kolesteroli, na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ambayo hata nusu haijafika. Nina watoto wadogo. Ile mofini ilininyima usingizi.

Sanduku ni la chuma, limekazwa lisihamishike, na liko pale mfamasia anapoliona. Unavuta kimlango cha juu, unatia dawa, unakirudisha. Zikishatumbukia mkono wako hauzifikii tena. Mfamasia hakugusa hata kopo moja, kwani sheria ya serikali kuu haimruhusu kuzipokea, unatia mwenyewe. Ndani mna mfuko usioonyesha kilichomo, na siku ya kuutoa lazima wawepo wafanyakazi wawili. Kisha dawa zinapelekwa kuteketezwa kwa moto. Sikuulizwa jina wala kitambulisho, na sikulipa senti. Jina la mzee kwenye lebo nilikuwa nimelifuta kwa wino mzito. Dawa ya maji ifungwe vizuri na itiwe ndani ya mfuko.

FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaruhusu mofini imwagwe chooni pale ambapo hakuna njia ya karibu ya kuirudisha. Hapa njia ipo, na mitambo ya majitaka haikujengwa kwa ajili ya kuchuja dawa, kwa hiyo sioni sababu ya kuipeleka Puget Sound, ghuba yetu ya bahari, wanakoishi samaki tunaowala.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba anayelipa ni mtengenezaji wa dawa. Kaunti ya Alameda, California, ndiyo iliyoanza mwaka 2012. Kampuni zikaenda mahakamani, zikashindwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa yao. King ilipitisha kanuni yake mwaka 2013, na mwaka 2018 Washington ikatunga sheria ya jimbo zima. Kwingi Marekani watu bado wanategemea siku maalumu ya kukusanya dawa ya DEA, idara ya serikali kuu ya kudhibiti dawa za kulevya, Jumamosi moja mwezi wa Aprili na nyingine Oktoba, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ni jambo jema, lakini msiba hausubiri Oktoba. Aliyeuza dawa akapata faida na awajibike na mabaki yake. Kwangu hii ni haki tupu, na natamani kila jimbo liige.

Najua wengi wetu tunawaza kuzifunga tumpe anayesafiri, azipeleke nyumbani zikasaidie wagonjwa. Nia ni njema mno, na mimi nayaelewa mahitaji ya kule. Lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu misaada ya dawa inakataza dawa zilizokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha zikarudishwa. Hakuna ajuaye zilikaa kwenye joto gani, na dozi iliyopimwa kwa mzee mmoja inaweza kumwangusha mwingine. Tumeni pesa, wanunue dawa mpya kwa cheti cha daktari wao.

Kasoro zipo. Sindano hazitakiwi kabisa sandukuni, na pampu za pumu pia hazipokelewi humo. Hizo za pumu zina bahasha zake za posta, unaagiza bure. Maelezo haya yameandikwa kwa herufi ndogo sana, mtu mzima asiye na miwani hayasomi. Tena duka la kwanza nililokwenda sanduku lilikuwa limejaa na kimlango kimefungwa, ikabidi nirudi na mofini kwenye gari. Duka la dawa halilazimishwi kuwa na sanduku, kwa hiyo pigeni simu kwanza, ulizeni kama wanalo na kama lina nafasi.