Fomu ya Alberta kwa wachezaji wa kike: nyepesi kuijaza, nzito kwa anayeshukiwa

Sheria ya Haki na Usalama Michezoni ya jimbo la Alberta, Kanada, ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, nami naipima hapa kama huduma: mzazi anatakiwa kufanya nini, na binti anayesajiliwa kwenye timu anafaidika na nini. Inahusu michezo ya ridhaa ya ushindani katika shule, vyuo na vyama vya michezo vya jimbo, na kuanzia umri wa miaka 12 inawazuia waliozaliwa wa kiume kucheza katika madaraja ya wanawake na wasichana.

Kwa familia nyingi utaratibu hausumbui. Mzazi, au mchezaji mwenyewe, anathibitisha kwa maandishi kwamba mchezaji aliandikishwa kuwa wa kike alipozaliwa, basi. Hakuna damu wala uchunguzi wa mwili, na kwa hilo watunga sheria wanastahili sifa. Mchezaji aliyebadili jinsia anaelekezwa kwenye daraja la wanaume au la mchanganyiko, jambo linalowezekana katika jiji kubwa kama Calgary, lakini katika mji mdogo ambako hata timu moja ya wasichana hukusanywa kwa taabu, daraja hilo la mchanganyiko linabaki kwenye karatasi.

Kasoro kubwa iko kwenye malalamiko. Ustahiki wa mchezaji ukipingwa, yeye ndiye anayetakiwa kuleta hati ya kuandikishwa kuzaliwa kwake. Mfikirie binti wa miaka 13, mrefu, mwenye nywele fupi na sauti nzito, ambaye ametoka kuifunga timu ya wageni mabao matatu: alizaliwa wa kike, fomu yake imekamilika, na bado ndiye anayeitwa pembeni kujieleza. Adhabu kwa wanaolalamika kwa nia mbaya ipo, ila nia ya mtu ni vigumu kuithibitisha, na wavulana hawaulizwi lolote.

Siku hiyohiyo, 1 Septemba 2025, Shirikisho la Riadha Duniani nalo lilianza kudai kipimo cha SRY, jeni ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wanaume, kinachofanywa mara moja maishani kwa kupangusa ndani ya shavu au kwa damu, kwa kila anayetaka kushindana na wanawake katika mashindano yake makubwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua tofauti kati ya karatasi na kipimo ina uzito gani. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, washindi wa fedha na shaba za mita 800 mjini Rio mwaka 2016, walilelewa kama wasichana, kisha kanuni za kiwango cha homoni ya testosteroni zikawafungia mbio hizo. Kwa kigezo cha Alberta, karatasi ya kuzaliwa ingetosha. Kwa kigezo cha Shirikisho, haitoshi. Binti anaweza basi kupita Edmonton, makao makuu ya Alberta, na kukwama kimataifa, na fomu haimwonyi.

Isitoshe, wachezaji wanaotoka nje ya jimbo hawabanwi na sheria hii, kwa hiyo usawa unaoahidiwa hulegea wageni wanapowasili. Ningeipa nyota mbili kati ya tano. Desemba 2025 bunge la Alberta liliikinga dhidi ya mapingamizi ya kikatiba kwa kutumia kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kinga inayodumu miaka 5 kabla ya kuhitaji kuhuishwa, hivyo anayetaka fomu irekebishwe amwendee mbunge wake kwanza kabla ya kutafuta wakili.