Kizibao cha baraki na gauni la Kihazara: nimevipindua nikaona ndani

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ujiji. Nguo ikifika mkononi mwangu, kwanza naipindua nione upande wa ndani. Hizi mbili niliagiza mtandaoni kwa muuzaji wa Quetta, Pakistani, mji ambao Wahazara, kabila la milima ya kati ya Afghanistani, walikimbilia miaka ya 1890, wakati wa mtawala wao Amiri Abdur Rahman. Kizibao cha kiume shilingi 140,000, gauni la msichana 95,000, nauli mbali. Mzigo ulifika posta Kigoma baada ya wiki saba.

Kizibao kina thamani yake. Kitambaa chake ndicho baraki, sufu ya kondoo inayosokotwa na kufumwa kwa mkono kwenye milima ya Hazarajat, nchi yao Wahazara, kisha inasuguliwa kwa maji ya moto mpaka nyuzi zishikane. Kule Bamyan, mji wa huko, ni kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe ni theluji. Nilichukua mkasi nikakata ncha ya pindo kwa ndani. Haukuchomoka hata uzi mmoja! Mwenye overloki, mashine ya kuzuia kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi, anajua hilo ni jambo gani. Hapa Ujiji joto halikuruhusu ukivae, ila mume wangu alikwenda nacho Kasulu Julai, na sweta lake likarudi halijafunguliwa.

Gauni ni la mtindo wa sasa, kiuno kimebanwa, zipu mgongoni. Tangazo lilisema limedariziwa kwa mkono lote. Si kweli. Marehemu bibi yangu alishona kofia za vito, na alinifundisha kwamba kazi ya mkono huonekana kwa nyuma. Kifuani nyuma nimekuta karatasi inayowekwa chini ya kitambaa wakati wa kudarizi kwa mashine, na nyuzi zinaruka ovyo. Nyekundu ilichuja siku ya kwanza kufuliwa, ikaharibu bitana nyeupe. Sarafu za mapambo ni bati, zimeshaanza kutu.

Lakini mikono! Kwenye vifundo vya mikono kuna pembetatu ndogondogo, nyekundu, kijani na njano, zimejaa hadi kitambaa hakionekani, na nyuma ni safi karibu sawa na mbele. Mwanamke fulani ameketi siku nyingi juu ya vipande viwili vile, halafu vikapachikwa kwenye gauni la haraka haraka.

Nimevifumua vyote viwili. Nitavishona upya kwenye gauni la pamba la binti yangu, la Idi.