Majani chai gani ununue Nairobi: nimeyapima kwa sumaku, na hivi ndivyo nayapanga

Mwezi uliopita nilikuwa naosha sufuria ya chai nikaona chini kumebaki kitu kama mchanga mweusi, kizito, hakielei venye majani huelea, na ukikisukuma na kidole kinakwaruza. Nikadhani ni sukari imeungua. Siku ya pili kikawa pale tena.

Majani yenyewe nilinunua duka moja mtaani, mfuko wa nailoni hauna jina wala tarehe, nusu kilo shilingi 180, na muuzaji akaniambia, "Hii inatoka kiwandani direkti, mama, ndio maana haina maandishi." Nikabeba mifuko miwili, mmoja wangu na mwingine wa mama yangu. Na rangi ilikuwa inatoka jamani, kijiko kimoja kinapaka chai ya watu sita, nikaona hapa nimeokoa pesa.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha majani upande wa Kericho miaka mingi. Nilipomwonyesha ile sufuria hakuangalia mara mbili. "Shemeji, hiyo ni chuma. Tafuta sumaku." Basi nikaenda Luthuli, kuna fundi wa redio pale akanibandulia sumaku ya spika kuukuu kwa shilingi mia. Nikaifunga na karatasi ya nailoni, nikamwaga vijiko viwili vya majani kwa sahani nyeupe, nikaipitisha juu pole pole bila kugusa. Sumaku ikaota ndevu. Vinywele vidogo vyeusi vimesimama wima pembeni yote, na nilipovua ile nailoni vikaanguka kwa sahani, nikivisugua kati ya vidole viwili vinachoma.

Sasa nieleze vinaingiaje, kwa sababu hapa ndipo watu hawaangalii kabisa. Chai yetu ya Kenya karibu yote ni ya CTC, yaani jani linapondwa, linachanwa na kukunjwa kati ya rola za chuma zenye meno, mbili mbili, zimekaribiana sana na moja inazunguka kwa kasi kuliko mwenzake. Meno yanakula jani lakini pia yanaisha, kila baada ya muda rola inatolewa ikanolewe, na unga wa chuma unaobaki unaondoka na majani. Kiwanda kinachojali kina sumaku kwa mstari wa kupitisha chai na kuna mtu kazi yake ni kuzisafisha. Sumaku ikijaa na hakuna aliyeifuta, chuma kinapita tu. Halafu kwa chekeche vitu vinagawanywa kwa ukubwa, kwa hivyo unga laini wa chuma unaenda kulala na chai laini, ile tunaita vumbi, ambayo ndio hiyo hiyo inapendwa kwa sababu ya rangi. India walikuwa na shida hii mpaka wakaandika sheria, waliwahi kuweka kikomo cha miligramu 150 za chuma kwa kilo ya chai, na kupitisha sumaku ni kipimo wanachowafundisha watu wakifanye nyumbani.

Je, inadhuru? Si sumu ya kukulaza hospitali kesho, sitawatisha bure. Lakini ni vipande vyenye ncha, vile vidogo vinapita kwa kichungi na wewe unakunywa vikombe vitatu kwa siku na mtoto anakunywa, na mtu ambaye mwili wake unaweka chuma kupita kiasi hiyo ni shida ya ini kabisa. Na mtu asiniambie ati inaongeza damu, chai yenyewe ina tanini ambayo inazuia mwili kuchukua chuma iliyo kwa chakula, ndio maana wamama wajawazito huambiwa wasishushie ugali na sukuma na chai. Kitu kingine kilichoniuma, chuma kikikutana na tanini kinatoa weusi wa wino, wino wa zamani ulitengenezwa hivyo hivyo. Saa hii kila nikiona chai nyeusi ti nashuku ile rangi.

Ladha, harufu, ipi inashika maziwa, hizo kila mtu ana ulimi wake, siingilii.

Namba moja kwangu ni Ketepa Fahari ya Kenya, ya pakiti, na sifichi kwamba naipenda, ndiyo nilikulia nayo na ndiyo nimerudia. Nimepima pakiti tatu nilizonunua siku tofauti kwa supa tofauti, sumaku ikatoka safi zote tatu, hata nikashuku sumaku imekufa nikaijaribu kwa pini ikashika. Inafungwa Kericho kwenyewe, ina alama ya KEBS, lile shirika la serikali la viwango, na namba yake chini, na hiyo namba unaweza kuihakiki, tuma ujumbe wa simu SM#namba kwa 20023 utajibiwa ni ya nani. Chai yake si nyeusi kama wino, ni nyekundu inayong'aa kabla ya maziwa, na hivyo ndivyo inafaa.

Namba mbili ni chai ya mkulima. Kama una mtu anayepeleka majani mabichi kwa viwanda vya KTDA, lile shirika la wakulima wadogo wa chai, huko Kiambu, Kagwe, Kambaa, Mataara, Theta, mwombe akuletee ya kiwanda chake na umwambie unataka daraja la BP1 au PF1, yaani chai ya punje, siyo vumbi. BP1 ina punje kubwa, inachelewa kutoa rangi, chemsha tu na uvumilivu. Ningeiweka ya kwanza lakini si kila mtu wa Nairobi ana shangazi Gatundu.

Namba tatu ni za vifuko, na hapa natahadharisha kwanza. Vile vifuko vya kung'aa kama hariri, vyenye pembe, ni plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada mwaka 2019 waliloweka vifuko vya aina hiyo kwa maji ya digrii 95 wakapata kimoja kinaachilia kama bilioni 11.6 za chembe ndogo za plastiki kwa kikombe. Nunua vya karatasi ya kawaida. Mimi kwa ofisi natumia Kericho Gold, nilipasua vitano nikapitisha sumaku, hakuna kitu.

Zile za kupimiwa kwa debe na mifuko bila jina, acha. Kama pesa ni kidogo nunua pakiti ndogo ya gramu 50 yenye alama.

Sasa wauzaji. Nilirudi kwa lile duka na sahani yangu imefunikwa na foili nikamwonyesha zile ndevu, akaniambia, "Mama, wewe ndio wa kwanza kulalamika, wengine wanarudi kuongeza." Pesa hakurudisha. Nikamuuliza kiwanda gani, akasema analetewa na mtu wa pikapu. Yaani sisi nchi yenye mashamba Limuru tangu 1903, tunauza chai nyeusi nje kuliko nchi yoyote duniani, sehemu kubwa inapita mnada wa Mombasa na inaonjwa kabla ya kuuzwa kwa sababu mnunuzi wa nje ataikataa, na mimi niliye saa moja tu kutoka shambani nauziwa ya pikapu. Hata zile pakiti halali nyingi hazisemi daraja wala kiwanda, unaandikiwa tu ni chai bora, bora kwa nani? Na bei inapanda shilingi kumi kumi huku pakiti inapungua, kuna moja nilikuwa najua ni gramu 500, juzi nageuza nyuma nasoma 450, sanduku ni lile lile.

Mama nilimpigia usiku huo huo. Akasema ile chai ni tamu na ameshagawia jirani wawili. Jumapili nikaenda na Fahari pakiti nne, moja moja kwa kila jirani na mbili zake, nikakusanya ile ya nailoni yote mpaka iliyokuwa kwa kopo. Imebaki kama robo kilo, nimeifunga na ile sumaku pamoja, na Jumatatu naipeleka KEBS pale Popo Road, South C.