Dawa zilizobaki: kuzirudisha hospitalini au kuzitupa na taka za nyumbani?

Kwa sindano za insulini sioni mjadala: zirudishwe. Taka nyingi za Nakuru huishia jaa la Gioto, ambako watu huzichambua kwa mikono wakitafuta riziki. Sindano iliyojificha kati ya maganda ya viazi inaweza kumwambukiza mtu homa ya ini au virusi vya Ukimwi, naye hakukukosea lolote. Tumbukiza sindano kwenye mtungi mgumu wa plastiki bila kuirudishia kifuniko chake. Mtungi ukikaribia kujaa, kaza mfuniko, uupeleke kliniki unakochukulia dawa. Uliza kwanza kama wanapokea.

Kwa vidonge na dawa za maji, una uhuru kidogo wa kuchagua. Kurudisha bado ni bora, hasa antibiotiki na dawa kali za maumivu. Usizichome nyumbani: kwa taka za hospitali, Shirika la Afya Duniani linasema ni tanuri za kisasa za nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi, zenye vifaa vya kusafisha moshi, ndizo zinazoweza kufikia viwango vya kimataifa. Moto wa uani haufiki huko, na inhela, kile kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta, inaweza kulipuka ukiichoma. Lakini duka la dawa likikataa, usihangaike: toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, vichanganye na majivu au udongo, funga kwenye mfuko wa taka, tupa. Futa jina la mgonjwa kwenye pakiti.

Chooni, hapana. Maji taka ya mji huelekea Ziwa Nakuru, na mitambo ya kuyasafisha haikuundwa kuondoa dawa.