Florida 2000: Bush na Gore, pengo la kura 537

Katika uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000, jimboni Florida, George W. Bush wa chama cha Republican alipata kura 2,912,790, Al Gore wa Democratic 2,912,253. Pengo hilo ni sawa na wanafunzi wa shule moja tu ya msingi.

Bush alibebwa na kaskazini mwa jimbo, Wamarekani wenye asili ya Kuba kule Miami na kura za wanajeshi walioko ng'ambo. Gavana wa jimbo naye alikuwa mdogo wake, Jeb.

Ngome ya Gore ilikuwa kusini-mashariki: kaunti za Broward na Palm Beach. Kwa maoni yangu, aliumia hapohapo Palm Beach. Karatasi ya kura ilipanga majina kurasa mbili, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Wapiga kura wengi wakamtoboa Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, wakidhani ni Gore. Buchanan akazoa kura zaidi ya 3,400 pale, na mwenyewe akakiri nyingi hazikuwa zake! Ralph Nader, mgombea wa chama cha Kijani, naye alichukua 97,488 jimboni.

Desemba 12, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisimamisha kuhesabu upya kura za Florida, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Kura 25 za wajumbe wa Florida, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, zikaenda kwa Bush, akashinda kitaifa kwa kura za wajumbe 271 kwa 266.