Yas Waterworld ya Abu Dhabi, kwa familia inayosafiri na bibi na watoto wadogo

Bustani za michezo ya maji husifiwa kwa urefu wa mitelezo yake na kwa kelele za vijana wanaoishuka, lakini familia nyingi za Waswahili, ziwe zimeweka makazi hapa Ghuba au zinatoka Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa kuja kuzuru jamaa zao, hazisafiri na vijana peke yao. Husafiri na bibi mwenye magoti yanayomsumbua, na mtoto ambaye bado analia akimwagiwa maji kichwani, na mama ambaye hakusudii kuvua mtandio wake mbele ya watu kwa sababu ya mchezo. Kwa hiyo swali nililoingia nalo Yas Waterworld lilikuwa la mtu asiyeteleza: anapata nini kwa fedha iliyolipwa langoni kwa ajili yake? Baada ya kushinda humo tukiwa vizazi vitatu, naweza kusema kwamba anapata mengi kuliko nilivyotarajia, ila itabidi familia ijipange na mfuko uwe tayari.

Bustani hii ilifunguliwa Januari 2013 katika kisiwa cha Yas, ambacho pia kina uwanja wa mbio za magari za Formula 1 na bustani nyingine za starehe, yaani Ferrari World, Warner Bros. World na, tangu 2023, SeaWorld. Imejengwa juu ya hekaya ya binti wa Kiimarati aitwaye Dana anayeitafuta lulu iliyopotea, lulu ambayo ndiyo iliyokuwa neema ya kijiji chake. Hekaya za bustani za starehe aghalabu huwa kisingizio cha kupaka rangi ukuta, lakini hii ina asili yake, kwa kuwa lulu ndiyo iliyolisha pwani hii kabla ya mafuta. Wapiga mbizi walikaa baharini miezi ya joto kali, wakishuka chini kwa uzito wa jiwe lililofungwa mguuni huku pua zimebanwa kwa kibanio, mpaka lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 vilipoiua biashara hiyo. Majengo yamefanywa yafanane na kijiji cha zamani chenye minara ya kunasa upepo, na mama mkwe wangu, ambaye sisi na wanetu sote tunamwita Bibi, alisimama kuangalia miti iliyochomoza ukutani akasema, "Hizi boriti za kwetu hizi." Alizoziangalia ni za mapambo, lakini kwa habari ya zile za kweli alisema haki, maana majahazi ya Ghuba yalipakia boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwa karne nyingi, na upana wa vyumba katika nyumba za kale za huku ulifuata urefu wa boriti hizo.

Suala la mavazi linawatia wasiwasi watu wengi wa kwetu kabla hawajakata tiketi, na hapa halina sababu ya kumzuia mtu. Burkini, yaani vazi la kuogelea linalositiri mwili na kichwa, inaruhusiwa kila mahali, kwenye mitelezo na mabwawani, na wanawake walioivaa walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyegeuka kumtazama mwenziwe. Kisichokubaliwa majini ni nguo ya kawaida, yaani kanga, suruali ya jinzi, fulana ya pamba au baibui, na katazo hili si la kuonea watu. Nguo nzito ikilowa humvuta mtu chini, nguo yenye zipu au vifungo vya chuma hukwaruza mteremko na kumjeruhi anayefuata, na nyuzi za pamba huishia kwenye machujio ya maji. Bibi alivaa burkini tuliyomnunulia, juu yake akajitanda kanga mpaka ukingoni, kisha akaikunja mara nne na kumkabidhi mjukuu wake wa kike kwa maagizo kwamba isilowe. Vyumba vya kubadilishia nguo ni vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, na mahali pa kusalia papo, jambo ambalo kwa siku nzima ya kushinda nje lina uzito wake.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo vijana huipita mbio wakielekea kwenye minara ya mitelezo. Upo mto wa kutulia, Al Raha River, unaoizunguka bustani kwa mwendo wa pole, ambako mtu hukaa ndani ya boya la mpira na kuchukuliwa na maji bila kufanya kazi yoyote. Mto wa namna hii husukumwa na pampu zilizofichwa kandokando, ndiyo maana mkondo wake haubadiliki na mtu mzima anaweza kusimama wakati wowote. Kuingia kwenye boya ndiko kwenye shida kidogo kwa mwenye magoti mabovu, kwa kuwa inabidi ushuke kinyumenyume na kujiachia ukae. Mwokoaji aliyekuwa zamu alilishika boya kwa mikono miwili, akamwelekeza Bibi kwa Kiarabu cha taratibu, naye akakaa. Mwanangu wa kati alikuwa akimpigia kelele, "Bibi, inua miguu! Bibi, shika hapo pembeni!" na yeye akamjibu bila kugeuka, "Niache, mie nimelelewa na bahari." Alizunguka, akazunguka tena, na tulipomwambia wakati wa kula umefika alituomba tutangulie.

Kwa wenye kutaka msukosuko bila kupanda ngazi kuna mto mwingine, Yehal River, ambao una mawimbi na hukupeleka kwa kasi zaidi. Huo Bibi aliuangalia kwa mbali akasema unatosha kwa macho. Bwawa la mawimbi, Amwaj, lina kina kinachoanzia sifuri kama ufuo, hivyo mtoto anayetambaa anaweza kuketi pale maji yanapoishia. Wazazi waliozoea kuwaogesha watoto baharini wasidanganyike kwamba ni rahisi kuliko bahari. Mawimbi ya mashine huja kwa zamu, maji yanatulia, watu wanasogea ndani, kisha yanaanza kwa nguvu ghafla, na mtoto aliyesimama salama dakika iliyopita anajikuta amefunikwa. Majaketi ya kuelea yanapatikana, na nashauri mtoto asiyejua kuogelea avalishwe tangu asubuhi asivuliwe mpaka wakati wa kuondoka.

Watoto wadogo wana ngome yao, Marah Fortress, yenye ngazi, mabomba, bunduki za maji na mitelezo mifupi, pamoja na uwanja wa wachanga kabisa ambako maji hayafiki magotini. Kitinda mimba wetu alianza kwa kung'ang'ania shingo yangu, akaendelea kwa kugusa maji kwa kidole kimoja, na haikupita nusu saa akawa anapigana na watoto wasiojua lugha yake kwa sababu ya bomba moja lililokuwa likirusha maji juu. Ningependa kivuli kingekuwa kikubwa zaidi mahali kama hapa, kwa sababu mtoto wa umri huo hajui kuondoka juani, na mzazi anayemfuata ndiye anayeiva.

Kitu kilichonifanya niiweke bustani hii juu ya nyingine nilizowahi kuingia ni Bandit Bomber. Ni reli inayoning'inia juu ya vichwa vya watu kwa urefu wa mita 550, ikipita katikati ya bustani na vibehewa ambavyo abiria wake wanaweza kuwamwagia maji walio chini. Walio chini nao wanazo bunduki za maji za kuwajibu. Mchezo unaomhusisha aliyepanda na asiyepanda kwa pamoja ni nadra sana, kwa kuwa kwa kawaida baba na mwana hupanda, mama hubaki na mikoba akipunga mkono. Hapa mikoba niliiweka chini. Nilimvizia mume wangu akipita, nikamlenga, nikamkosa, kisha maji yake yakanipata mimi na kanga ya Bibi iliyokuwa begani mwa binti yangu, na maelezo ya jambo hilo tuliyatoa baadaye kwa adabu zote.

Wapenda mitelezo mikubwa hawatasononeka. Dawwama huchukua watu sita katika boya moja la duara, njia yake ni mita 238, na ajabu yake ni kwamba boya linapanda mlima lenyewe. Chini ya njia kuna mota za umeme zinazotengeneza nguvu ya sumaku inayolivuta boya juu, kisha linaachiwa litumbukie ndani ya mdomo mpana kama wa faneli, ambako linapanda ukuta huu, linarudi, linapanda ule, mpaka nguvu ziishe. Kwa familia huu ndio mtelezo wa kwenda pamoja, kwa sababu mnatazamana usoni na kila mmoja anamwona mwenziwe anavyoogopa. Liwa Loop ni habari nyingine kabisa. Mtu husimama peke yake ndani ya kichumba cha kioo, mikono imekunjwa kifuani, sakafu inafunguka chini ya miguu, na anaanguka karibu wima kabla ya kuzungushwa kwenye pete. Mitelezo ya aina hiyo hupima uzito wa mtu kwa sababu mwepesi mno hapati kasi ya kuivuka pete, na ndiyo maana huwekewa mlango wa dharura pale chini. Kijana wetu mkubwa alishuka mara moja, akatoka kimya, akasema imetosha. Mwaka 2025 bustani iliongezewa eneo jipya la Lost City lenye mitelezo yake mingi, na kwa mwenye vijana watupu hilo pekee linaweza kumaliza nusu ya siku.

Tatizo la familia iliyochanganyika liko kwenye kimo. Kila mtelezo mkubwa una kipimo langoni, na mtoto aliyepungua hapiti hata akilia machozi ya damu, jambo ambalo nalikubali kwa moyo mmoja, kwani vipimo hivyo vinahusu jinsi mwili unavyokaa kwenye boya na jinsi kichwa kinavyoelea mwishoni. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa miaka saba au minane, mkubwa mno kwa ngome na mfupi mno kwa minara, anabaki katikati bila cha kumshibisha kwa siku nzima. Mpime nyumbani bila viatu, angalia masharti ya kila mtelezo kwenye tovuti ya bustani, na umwambie mapema kipi ni chake na kipi si chake. Wazazi nao wagawane zamu tangu asubuhi, huyu apande na wakubwa mpaka adhuhuri, yule mchana, la sivyo mmoja wao atakuwa mlinzi wa taulo kutwa.

Kuhusu majira, Novemba hadi Machi ndio wakati wa kupendeza, ingawa Januari upepo wa asubuhi unaweza kumtetemesha aliyelowa. Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na ingawa bustani za Ghuba hupooza maji yake wakati huo, sakafu kati ya bwawa na bwawa haipoozwi na mtu. Viatu vya majini vinavyobana mguu ni bora kuliko ndara, kwa kuwa ndara huvuliwa kila mahali na hupotea. Fulana za kuogelea za mikono mirefu ziwahusu watoto wote, hata weusi wenzangu tunaojidanganya kwamba jua halituunguzi.

Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, isipokuwa cha mtoto mchanga, na bei za baga na chipsi ndani ya bustani za namna hii hazina huruma kwa familia yenye watoto watano. Sisi tulikunywa chai nzito kwa chapati na maharage kabla ya kutoka, tukala mara moja tu mle ndani, alasiri, baada ya foleni za saa saba mchana kupungua. Taulo na kabati la kuwekea vitu vinakodishwa. Taulo beba za kwako, lakini kabati lipie, kwani kushika pasipoti na simu za watu wanane mkononi ni kujitia adhabu.

Tiketi ya mtu mzima kwa bei ya langoni ni dirhamu mia tatu na ushei, na dirhamu 3.67 ni dola moja ya Marekani, kwa hiyo kila mtu apige hesabu kwa shilingi au riali yake. Bei hushuka kwa anayenunua mapema, na hushuka zaidi kwa tiketi ya bustani mbili au zaidi za kisiwa hicho. Inunue kwenye tovuti ya bustani yenyewe. Sisi tulipitia kwa dalali mmoja wa mtandaoni, akatuandikia tarehe isiyo yetu, na kurekebisha kosa hilo kulimgharimu mume wangu jioni nzima ya kupiga simu kwa mtu ambaye alitusubirisha kwa muziki. Uwanja wa ndege wa Zayed uko mwendo wa dakika chache kutoka kisiwani, kutoka Dubai ni kama saa moja kwa gari, na mtu anayeendesha kutoka Maskati kupitia Al Ain ajihesabie saa tano na zaidi pamoja na mpaka, hivyo alale Abu Dhabi usiku wa kuamkia siku hiyo. Akifikia kwenye hoteli za Yas hana haja ya teksi, kwa kuwa basi la Yas Express huzungukia hoteli na bustani za kisiwa bila malipo. Kama anasafiri na mzee, amwombe mapokezi chumba kilicho karibu na lifti, kwani jioni ile hakuna mguu wa mtu utakaotaka kutembea.